Nilikuwa Nimefunga

Mtu akija kukwambia kwamba umefufuka, muangalie kwanza mkononi ameshika nini. Katekista wetu alikuwa ameshika karatasi.

Ilikuwa Alhamisi ya juma la Pasaka, saa nane mchana, pale kwangu Changamwe. Nimeketi kizingitini napepeta mchele taratibu, kazi pekee ambayo kifua changu kilikuwa kinaikubali. Akaingia uani na lile tabasamu lake linalomtangulia kama taa ya baiskeli. Akaniita Lazaro wetu. Akasema Jumapili inayokuja, ile inayosomwa habari za mtume aliyekataa kuamini mpaka atie kidole kwenye kovu, padri amekubali nisimame mbele ya waumini nitoe ushuhuda wa kufufuka kwangu. Nisijisumbue kutafuta maneno. Maneno amekwisha kuniandikia.

Nilimtazama sana. Kanisa lile nimelifagia miaka kumi na moja, kila Jumamosi, na sikumbuki siku hata moja mtu huyu kuniuliza kama nimekula. Leo ananiandikia maneno?

Kisa chenyewe ni kifupi, na nitakitoa chote hapa ili asiyenijua asipotee. Wanawake watatu tulianguka ndani ya godauni tulimokuwa tunafanya kazi. Wawili walikufa. Mimi nilihesabiwa maiti, kisha nikaonekana napumua. Lawama ya vifo vile akatwishwa mama mmoja muuza mihogo, ati mihogo yake ilikuwa na sumu. Mihogo haikuwa na sumu. Niliyelijua hilo ni mimi, na kwa majuma saba nilinyamaza, na yule mama akaharibikiwa.

Majina siyaandiki, mwanangu wa kike amenisihi sana nisiyaandike. Vyeo nitavitaja. Wa kwanza ni nyapara wa godauni. Wa pili ni katekista. Wa tatu ni tajiri mwenyewe, ambaye sijawahi kumuona ila vioo vya gari lake. Wa nne nitamtaja nikimfikia.

Mimi ni Mtaita, shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, lakini kwa kidole, neno moja likiingia jingine linangoja nje. Miaka tisa nilichambua pojo katika godauni lile. Pojo ndizo hizo wenzetu wa bara wanaziita ndengu. Wanawake tunakaa chini miguu tumenyoosha, ungo mapajani, tunatoa vijiwe na zile zilizotobolewa na fukusi. Jioni, kabla hatujatoka, nyapara anatupekua kanga na kutupapasa vilemba, asije mmoja wetu akatoka na konzi ya pojo za tajiri. Mtu aliyekupekua miaka tisa na hajapata kitu hakuoni mwaminifu. Anakuona hodari wa kuficha.

Nje ya geti alikuwa na meza yake mama mmoja wa Kidigo, mzaliwa wa Mtongwe, aliyepanga chumba hapo jirani. Mihogo yake ilitoka shambani kwa kaka yake huko Mtongwe, na aliipika ya tui na ya kukaanga, ile ya kukaanga akaipasua katikati na kuitia ndimu na pilipili. Kanizidi kama miaka kumi. Nilikuwa namwamkia shikamoo kwa adabu zote, yeye ananiitikia na kuniita mwanangu, halafu hapo hapo tunaanza kurushiana maneno kama mawifi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilipita misa ya alfajiri. Watu walikuwa wengi, padri akamwita katekista amsaidie kupaka, na mimi nikaangukia foleni ya katekista. Alinipaka majivu kwenye paji la uso, halafu, kwa kuwa ananijua kazi yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nitafunga na lile vumbi la godauni. Nikamjibu nafunga. Sisi siku ile mtu mzima hula mlo mmoja tu, nami desturi yangu ni kuuweka jioni. Mchana hakiniingii kitu tumboni ila maji.

Nilipofika getini yule mama akanitazama uso.

"Leo maji yamekatika kwenu? Mbona hukunawa?"

Nikamwambia ni majivu ya kanisa, leo nimefunga, asinipakulie.

"Umefunga, na chupa ya maji hiyo kwapani?"

"Maji tunaruhusiwa."

"Funga ya kunywa maji." Akawageukia wateja wake. "Hata mbuzi wangu afunga funga hiyo. Njoo mwezi wetu, mwanangu, nikufunze."

Nikamwambia mwezi wao wanashinda na njaa mchana, halafu usiku wanakula hadi nguo zinakataa. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanipakulia sahani yangu hata hivyo, akaifunika na sinia, akasema nitaipitia jioni nikitoka. Wenzangu wawili walinunua sahani moja wakaingia nayo ndani. Kumbukeni hapo: sahani moja, watu wawili.

Asubuhi hiyo nyapara alitutoa sisi watatu kwenye kundi akatuingiza chumba cha ndani, kuna mzigo uliokuwa unangojewa na lori. Chumba hicho kimetenganishwa na ghala la nyuma kwa mbao tu, na ghalani magunia yalikuwa yamefunikwa turubai, chini ya turubai wametia vidonge vya dawa ya wadudu. Kila aliyefanya kazi godauni anaijua dawa ile. Ikiwekwa, watu wanatoka, na hawarudi mpaka siku zipite na milango ifunguliwe upepo uingie. Mmoja wetu alimwambia. Akajibu kwamba ubao unatosha, na kama tunaogopa harufu kuna wanawake wengi nje wanaotaka kazi. Akatoka, akaupiga mlango kufuli kwa nje. Hiyo ilikuwa tabia yake kila tukiwa chumba cha ndani. Kwa ajili ya pojo.

Ilianza kama harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Halafu kichwa. Mwenzangu mdogo alitapika kwenye ungo. Tulisimama tukagonga. Tuligonga kwa mikono, tukagonga kwa ungo, yule mkubwa akagonga kwa kigoda alichokuwa anakalia yeye peke yake kwa ajili ya magoti. Karatasi zote zilizoandikwa baadaye hazina neno hilo, kwa hiyo naliandika hapa mara ya pili: tuligonga.

Mahamali waliokuwa wakibeba magunia ndio waliotutoa. Tuliwekwa watatu nyuma ya pikapu, tukafunikwa magunia matupu, tukapelekwa moja kwa moja mochari. Nimeambiwa hivyo, mimi sikumbuki. Na aliyenifufua, kama ni lazima awepo aliyenifufua, ni mfanyakazi wa mochari aliyevaa gambuti, aliyeinua gunia akaona povu mdomoni mwangu linavimba na kunywea. Akasema, "Huyu mnamleta wapi? Huyu anapumua." Hakukuwa na jiwe lililoviringishwa, wala mtu wa mavazi meupe. Kulikuwa na ndoo na ufagio wa chelewa.

Siku ya tatu ndipo nilipofumbua macho, na wala sifanyi mzaha wa dini. Kando ya kitanda kulikuwa na nyapara, na karani wa godauni, na mfuko wa machungwa. Sauti yangu ilikuwa imekwenda, ilitoka kama mtu anakwaruza sufuria. Nyapara aliinama akaniuliza, kwa huruma nyingi, siku ile tulikula nini.

Nikasema, "Nilifunga."

Akauliza tena, nikasema tena, nilifunga. Akamtazama karani, karani akaandika. Kisha wakanipaka wino kidole wakakikandamiza kwenye karatasi. Sikuuliza imeandikwa nini. Hapo sasa namtaja wa nne: ni mimi, maana kidole kilikuwa changu.

Nilipotoka hospitali mji mzima ulikuwa unajua: mihogo michungu. Wanawake waliokula meza ile ile siku ile ile wakabaki wazima waliambiwa bahati yao, shina lenye sumu liliangukia sahani ya wale watatu. Watatu! Yule mama alikuwa amepigwa, meza yake imevunjwa, sinia zimetupwa mtaroni, kwenye mlango wa chumba chake mtu amepaka kinyesi. Alikuwa amekwisha kurudi kwao Mtongwe. Na huko nako habari ilivuka kabla yake, hakuna aliyenunua tena muhogo wa kaka yake, ukaachwa ardhini mpaka ukawa kuni.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa mgonjwa. Niliogopa. Nyapara alikuja kuniona mara mbili na salamu za tajiri, kwamba nikipona kuna kazi nyepesi ya kukaa. Lakini liko jingine lililo baya zaidi. Watu wote wakikwambia ulikula, daktari, mzee wa mtaa, jirani, mwisho unaanza kuusikia muhogo ulimini. Nilifika mahali nikajishuku mwenyewe: labda nilionja, labda nilivunja funga nikasahau. Mtu anaweza kuibiwa hata njaa yake.

Basi tumrudie katekista na karatasi yake. Niliweka ungo chini nikaichukua, nikaanza kuisoma kwa kidole. Yeye alitaka kunisomea, nikamkatalia. Ilisema mimi mtumishi wa Mungu nilikula chakula kibaya, nikafa, nikalala mautini, na Bwana akanifufua. Nikaendelea. Mstari wa nne kidole kilisimama. *Tulifunga mlango ili tule mihogo yetu kwa utulivu.*

"Haya umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Ndivyo ulivyosema mwenyewe hospitali, mama. Ipo kwa maandishi, na kidole chako kipo."

"Mimi nilisema nilifunga."

"Ndiyo. Mlifunga mlango."

Nililipeleka neno lile mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu ufunguo. Niliulizwa nilikula nini, nikasema nilifunga. Na wao walikuwa wanatafuta mtu wa kuufunga mlango ule kwa ndani. Neno moja tu nililoweza kulitoa kooni, nao wakalichukua wakalitia komeo.

Nikamkumbusha majivu. Nikamwambia, ni wewe uliyenipaka, na kidole chako kingali na majivu uliniuliza, nami nikakujibu. Alitazama mchele. Kwa hiyo alikuwa anakumbuka. Mtu asiyekumbuka hukutazama usoni.

"Mama," akasema, "watu wanataka kusikia ufufuko. Habari za mihogo na milango zimekwisha kuamuliwa na wenyewe. Si mambo ya imani."

Aliiacha karatasi akaenda. Ndipo nilipokumbuka kwamba nyapara naye ni muumini wetu, anakaa benchi la pili, na mabenchi mapya ya kanisa yaliletwa na lori la godauni. Sisemi zaidi ya hapo. Nasema lori nililiona.

Ijumaa nikavuka Likoni, nikaenda Mtongwe kwa miguu ya kupumzika pumzika. Nilimkuta yule mama uani kwa kaka yake anachambua mchicha. Hakuinuka. Nikamwamkia. Akasema marahaba, na hakutia mwanangu.

"Umekuja kunionesha kuwa u hai? Haya, nimekuona."

Nikamweleza yote, wino, karatasi, Jumapili. Alisikiliza bila kuacha mchicha wake. Nilipomaliza akasema yeye hakuulizwa na mtu. Aliyekuja kwake alikuja na jibu. Sahani yangu aliilinda chini ya sinia mpaka magharibi, akaona sirudi, akampa paka.

"Na paka ndiye yule alolala pale," akasema. "Nilihama naye. Wallahi ningempeleka huyo kanisani kwenu, angeshuhudia kuliko wewe."

Aliendelea, taratibu, kama anayemfunza mtoto. "Hebu niulize, mana dini yenu siijui. Mtu akifufuliwa kwenu, ule uwongo alolala nao pia wafufuka? Au wabaki kaburini?"

Nikamwambia sijui.

"Basi mie huko kufufuliwa kwako hakunihusu. Ufufuke, usifufuke, ni wewe na Mola wako. Mie nataka useme hukula."

Jumapili kanisa lilijaa. Kijana wetu wa kwaya alinishika mkono mpaka mbele, mshumaa wa Pasaka unawaka kando. Padri alikuwa mgeni, kaletwa mwezi ule ule, na mahubiri yake yalinishika kuliko nilivyotegemea. Alisema Bwana alipofufuka hakurudi na mwili mwororo usio na alama. Alirudi na matundu yake. Angeweza kuyafuta, hakuyafuta, kwa sababu bila yale matundu wasingejua ni yeye waliyemtenda. Akasema tena kwamba walipomdhania kuwa ni kivuli, aliomba chakula, akala samaki mbele ya macho yao.

Mimi nikawaza, mimi tundu langu liko ndani. Hakuna wa kutia kidole kwenye pafu.

Nilipopewa kipaza sauti nilikuwa nimeshika karatasi ya katekista kwa heshima, kama mtu atakayeisoma. Sikuisoma. Nikasema kwa ile sauti yangu ya sufuria kwamba siku niliyoanguka ilikuwa Jumatano ya Majivu, na wengi wao walinikuta misa ya alfajiri. Nikasema tangu usiku wa kuamkia siku ile sikuwa nimetia kitu mdomoni. "Wenzangu walikula, mimi nilikuwa nimefunga. Tukaanguka watatu sawasawa. Basi si mihogo. Mimi nilifunga chakula. Mlango aliufunga mwingine, kwa nje, kwa kufuli, na ndani kulikuwa na dawa."

Sikumtaja, lakini nilitazama benchi la pili.

Nyapara akasimama, akakunja mikono tumboni, akasema kwa upole kwamba mama yetu bado ni mgonjwa, dawa za hospitali ni kali, tumwombee. Na watu, Mungu awasamehe, wakainuka. Wakaninyooshea mikono. Sijawahi kuombewa kwa nguvu namna ile. Waliomba mpaka kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwangu na katekista, kwa ustaarabu kabisa, kama unavyompokonya mtoto kisu.

Nje akina mama wa jumuiya walinizunguka. Mmoja akasema labda nilionja kipande tu. Mwingine akaninong'oneza kwamba kuvunja funga si dhambi ya mauti, nikaungame tu yaishe, nisiwatie wengine matatani kwa kuona haya. Hapo ndipo nilipowaelewa watu wa dini yangu. Waliamini kwamba nilikufa na nikafufuka. Hawakuamini kwamba nilishinda na njaa tangu asubuhi.

Nasadiki ufufuko wa miili, kila Jumapili natamka, na bado nasadiki. Lakini siku ile niliona kwamba kuna ufufuko ambao watu wanaupenda kwa sababu hauulizi nani aliua. Unamtoa mtu kaburini, unampangusa, unamwimbisha, basi. Ule wa Injili sivyo ulivyo. Ule uliwarudia wenyewe na ushahidi mkononi.

Jumanne nikarudi Mtongwe nikamwambia yule mama abebe mihogo yake twende getini kwa godauni. Nitakula mbele ya watu. Alinitazama kama nimeugua upya.

"Nikapigwe tena?"

Kaka yake akasema tusiende. Yule mama akasema tutakwenda kwa sharti: nitaketi kitako mbele yake, na nitakula mpaka yeye aniambie basi. Nikakubali. Alfajiri ya Jumatano walichimba shina ambalo halijawa kuni, akapika nyumbani, tukavuka na sufuria limefungwa leso.

Saa saba wanawake walipotoka kupumzika walitukuta ng'ambo ya geti, kwenye ukingo wa barabara, ambao si wa tajiri. Meza hatukuwa nayo, tuligeuza ndoo. Nikala. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Walisimama mbali, wanatafuna midomo mitupu, wananingoja nianguke. Mimi nilikuwa na kiburi, nisiseme uongo. Nikajiona nawaonesha samaki.

Ndipo mmoja, mchambuzi mwenzangu wa miaka mingi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyo keshakufa mara moja. Sumu itamfanya nini?"

Wakacheka. Na mimi nikakirudisha kipande cha nne sufuriani, kwa sababu alikuwa na haki. Walikuwa wamenitangaza nimefufuka mpaka ushahidi wangu haukufaa kitu. Aliyetoka kwa wafu anaweza kula hata moto. Yule mama akachukua kipande akala mwenyewe. Wakasema ni mganga anayemeza dawa yake. Nyapara alikuwa amesimama ndani ya geti, mikono nyuma, hana haraka. Hakuhitaji kutufukuza.

Nilisikia yule mama ananiambia polepole, basi, inatosha, tufunge vyombo. Akaanza kukunja leso.

Mahamali nao walikuwa wametoka, wamekaa kivulini mwa lori. Mmoja wao akainuka. Mtu mzima, mabega yamekunjwa na magunia, sijawahi kuongea naye ila salamu. Alivuka barabara, hakutusalimu, akachutama mbele ya ndoo akatia mkono kwenye sufuria. Akala. Watu wakaacha kucheka, maana huyo hakuwa amefufuka. Alikuwa hamali tu, na kama kuna sumu angekufa kama sisi sote.

Alipomeza akasema, na alisema akitazama chini, "Kufuli lilikuwa nje. Mimi ndiye niliyelivunja, kwa nondo."

"Sema kwa sauti, baba," yule mama akamwambia.

Akarudia kwa sauti. Kufuli lilikuwa nje.

Nilimtazama nyapara. Uso wake haukubadilika, ila mikono iliondoka nyuma ikaja mbele. Halafu akaingia ndani. Wanawake hawakushangilia wala hawakusogea. Yule aliyenitania alikuwa anatazama miguu yake.

Na mimi nilikwisha kujifunza kushuku. Niliwaza, majuma manane alikuwa wapi huyu? Nani kamtuma? Yule mama aliniwahi, akamuuliza yeye mwenyewe, bila ukali, kwa nini leo. Hamali akasema ana watoto, na waliambiwa anayetaka kazi asahau kufuli. Jumapili alikuwa nyuma kabisa kanisani, akaninyooshea mkono kama wengine, akaniombea ninyamaze, na tangu hapo chakula hakimshuki.

Yule mama hakumpa pole. Alimpakulia sahani kamili, akakamua ndimu, akaiweka mbele yake.

"Kula kwanza," akasema. "Kisha tutakwenda sote watatu kituoni kwa polisi, ukaseme na huko, kabla hujageuza nia."

Alikula polepole sana, kama mtu anayeomba sahani isiishe. Tulikaa naye, mmoja kulia kwake, mmoja kushoto, tukimngoja amalize.